Onyesha Neno: Namna ya Kusoma Fasihi na Kutumia Istilahi Zake

Mwanafunzi anaweza kukariri maana ya tashibiha, akaiandika bila kukosea hata herufi moja, na bado akarudishiwa karatasi ikiwa na nusu ya maksi. Maana ya istilahi aliijua vizuri. Alichokosa ni kuonyesha neno lenyewe ndani ya kitabu, na kueleza neno hilo linafanya kazi gani pale lilipo. Madesa yanayouzwa kwenye vibanda vya fotokopi hayamsaidii hapo, kwa sababu yanampa majibu ya maswali ambayo yeye mwenyewe hajawahi kujiuliza.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne. Andaa penseli, kifutio, karatasi mbili na muda wa saa moja hivi bila simu. Kifungu na ubeti vilivyomo humu vimetungwa kwa ajili ya zoezi hili, kwa hiyo hutapata mahali pa kunakili uchambuzi wake. Anza na kifungu:

*Mvua ya asubuhi ilipokata, Jangwani palikuwa bahari. Mama Salma alikunja khanga yake hadi magotini, akalitazama beseni la maandazi. Yalikuwa yamepoa. Kondakta wa daladala iliyokuwa ikigeuza alipiga bati mara tatu, akapaza sauti: "Mama, leo hakuna Kariakoo! Rudi kalale!" Hakumjibu. Alizihesabu sarafu zilizofungwa kwenye pindo la khanga, akazihesabu tena, kana kwamba safari ya pili zingeongezeka. Kisha akajitwika beseni, akaingia. Maji yalimshika miguu, yakamwuliza anakwenda wapi. Naye akaendelea kutembea.*

Soma mara tatu, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza weka penseli chini. Soma mfululizo hadi mwisho, na ukikutana na neno gumu lipite. Ukimaliza, jibu maswali matatu kwa sentensi mojamoja: ni nani, yuko wapi, na nini kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho. Kwa kifungu chetu: ni Mama Salma, yuko Jangwani, mwanzoni amesimama nje ya maji, mwishoni yumo ndani yake. Swali la tatu ndilo linalowashinda wengi. Ukishindwa kulijibu, rudia kusoma kabla ya kwenda mbele, maana asiyejua kilichobadilika bado hajalipata tukio, na uchambuzi wote atakaoandika utakuwa wa kubahatisha.

Mara ya pili shika penseli. Piga mstari chini ya maneno magumu, zungushia jina la mhusika mahali anapotokea kwa mara ya kwanza, na weka alama ya kuuliza pembeni kila unapojiuliza "kwa nini?". Alama tatu zinatosha. Mwanafunzi anayepaka kila mstari rangi ya manjano hujikuta na ukurasa wa manjano na hana pa kuanzia. Kama kitabu ni cha shule, nanyi mnakitumia watu wanne, usikichore: kata vipande vya karatasi vyenye upana wa vidole viwili, andika juu yake, uvichomeke kwenye ukurasa.

Neno gumu lijaribu kwanza kwa kusoma yaliyo jirani yake, ndipo ufungue kamusi. Na kwenye kamusi usitafute neno kama lilivyo kitabuni. "Akajitwika" hulipati kwenye herufi A. Vua viambishi vya mbele kimoja baada ya kingine, a-, -ka-, -ji-, ubaki na "twika", uende kwenye herufi T. Nomino nyingi nazo hutafutwa katika umoja: "pindo", wala si "mapindo". Wanafunzi wengi husema kamusi haina neno fulani, kumbe wamelitafuta likiwa limevaa nguo zake zote.

Mara ya tatu usisome chote. Rudi tu penye alama za kuuliza. Hapo ndipo istilahi zinapoanza kuwa na kazi.

Lililosemwa, lililodokezwa, ulilolileta wewe

Huu ndio ustadi unaostahili muda wako kuliko mwingine wowote humu. Chora safu tatu kwenye karatasi.

Safu ya kwanza ni ya yale ambayo kifungu kimeyasema waziwazi: mvua imenyesha asubuhi, maandazi yamepoa, sarafu zimefungwa kwenye pindo la khanga. Kila unachoandika hapa uweze kukiwekea kidole.

Safu ya pili ni ya yanayodokezwa. Kifungu hakisemi kwamba Mama Salma anauza maandazi, lakini beseni, sarafu na Kariakoo vikiwekwa pamoja vinakupeleka huko. Hakisemi kwamba fedha zake ni chache, ila mtu hahesabu sarafu zake mara mbili akiwa amejitosheleza. Wala hakisemi kwamba ana mtoto. Jina lake ndilo linalosema, kwa kuwa kwetu mtu huitwa Mama Salma kwa sababu yuko Salma. Kila dokezo liandikie ushahidi wake mbele yake. Ushahidi mmoja unatosha kukupa wazo. Ukipata miwili unaweza kuandika bila wasiwasi.

Safu ya tatu ni ya vile ulivyovileta wewe kutoka kichwani mwako. "Mumewe amemkimbia." "Watoto wake wamelala njaa." "Kondakta ni katili." Haya huandikwa sana kwenye majibu ya ufahamu, na hayamo. Mtazame huyo kondakta vizuri: amesema maneno makali, lakini alichokuwa akikifanya ni kumwonya mtu kwamba njia imefungwa. Maneno yake yanaweza kusomwa kama kejeli au kama huruma ya mtu wa barabarani ambaye hajui kusema kwa upole. Ukiandika kwamba kifungu kinaruhusu yote mawili na ukaonyesha kwa nini, umejibu vizuri kuliko aliyechagua moja kwa kubahatisha.

Tamathali za semi, na mitego yake

*Sitiari* huliita jambo moja kwa jina la jingine bila kiunganishi. "Jangwani palikuwa bahari" ni sitiari: mahali pameitwa bahari moja kwa moja. Sasa litazame jina la mahali penyewe. Jangwa ni nchi kavu isiyo na maji. Hapa limegeuka bahari. Hali inayokwenda kinyume na inavyotarajiwa huitwa *kinaya*, na katika sentensi hii ya maneno saba kinaya kimekaa ndani ya sitiari. Anayeijua Dar es Salaam atakumbuka pia kwamba bonde la Jangwani hujaa maji kweli pale Mto Msimbazi unapofurika, na Barabara ya Morogoro hufungwa. Kwa hiyo sitiari hii haiko mbali na maisha. Msomaji wa mjini anaiamini mara moja.

*Tashibiha* hulinganisha kwa kutumia maneno kama vile "kama", "mithili ya", "mfano wa", "kana kwamba", "utadhani". Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Si kila "kama" ni tashibiha. "Kama mvua ikinyesha, sitakuja" ni sharti. "Salma ni mrefu kama dada yake" ni kipimo cha kawaida, kwa kuwa vitu viwili vinavyolinganishwa ni vya aina moja. Tashibiha huleta pamoja vitu vya aina tofauti ili kimoja kimulike kingine: "Salma ni mrefu kama mnazi". Jaribio lake ni jepesi: je, unaweza kuchukua futi kamba ukapima ulinganisho huo ukawa kweli? Ukiwa kweli, si tashibiha. Na "kana kwamba safari ya pili zingeongezeka"? Hapo tendo la kuhesabu limelinganishwa na tendo lisilowezekana, la fedha kuzaana kwa kuhesabiwa tu, na kupitia ulinganisho huo tunaiona hamu yake bila mwandishi kutaja neno "hamu".

*Tashihisi* humpa asiye mtu matendo ya mtu. Mtego wake ni misemo ya kila siku. "Saa imesimama" na "bei imepanda" ni lugha ya kawaida ambayo hakuna anayeisikia tena kama picha, na mtahini hataipokea. "Maji yalimshika miguu, yakamwuliza anakwenda wapi" ni tashihisi kamili, na ina tabaka la pili. Kumshika mtu miguu, kwa Kiswahili, ni kumsihi. Maji yanamzuia Mama Salma na papo hapo yanambembeleza asiende. Kondakta alimwambia arudi. Sasa maji nayo yanamwuliza swali. Mara zote mbili hakujibu. Ukiuona mfuatano huo umeshauona muundo wa kifungu chote, na umeupata kwa kukaa juu ya neno moja, "yalimshika".

*Tafsida* hupunguza ukali wa neno: "ametutoka" badala ya "amekufa", "kujifungua" badala ya "kuzaa". *Mubaalagha* hukuza jambo kupita kiasi. *Takriri* hurudia neno au tendo kwa makusudi, nayo imo kwenye "alizihesabu… akazihesabu tena". *Tanakali sauti* huiga sauti: chubwi, pa. Hizi hazina utata mwingi. Ziandike pamoja na mfano wako mwenyewe, inatosha.

Mhusika, msimulizi na mandhari

Tabia ya mhusika hutafutwa katika sehemu nne: anachofanya, anachosema, wengine wanavyomsema, na mwandishi anavyomweleza. Mama Salma hasemi neno hata moja. Kwa hiyo ukiandika "Mama Salma ni jasiri", ushahidi wako uwe kwenye matendo: akajitwika, akaingia, akaendelea kutembea. Na swali la kujiuliza zaidi: ni ujasiri, au ni kukosa njia nyingine? Majibu mazuri ya fasihi huanzia kwenye swali la namna hiyo.

Mhusika *bapa* habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika *duara* hubadilika kadiri mambo yanavyomkuta. Usimwite mtu duara au bapa kwa kusoma aya moja. Inahitaji kitabu kizima.

Msimulizi si mwandishi. Akisema "nili-" tunaye msimulizi wa nafsi ya kwanza, ambaye anaweza hata kudanganya. Akisema "ali-" ni wa nafsi ya tatu. Msimulizi wetu ni wa nafsi ya tatu na ana tabia moja unayopaswa kuikamata: hataji hisia. Tafuta "aliogopa", "alihuzunika", "alichoka", hutayapata. Tunaona mikono na miguu tu. Ndiyo maana kifungu hiki kinamlazimisha msomaji kukisia.

Mandhari ni mahali pamoja na wakati na hali. Kuandika "mandhari ni ya mjini" hakutoshi. Andika mandhari hiyo inamfanyia nini mhusika. Mafuriko ya Jangwani ndiyo yanayotengeneza mgogoro wote hapa. Muundo nao ni wa *moja kwa moja*, tukio baada ya tukio. Kama kifungu kingeanza na Mama Salma akiwa tayari ndani ya maji, kisha kikarudi nyuma kwenye mvua ya asubuhi, tungeuita muundo wa *rejea*.

Dhamira haiwi neno moja

"Dhamira ni umaskini." Sentensi hii imo kwenye maelfu ya karatasi na haimsaidii yeyote, kwa kuwa inaweza kubandikwa kwenye nusu ya vitabu vyote. Chukua neno hilo ulijazie: umaskini wa nani, unasababishwa au unasababisha nini? Utapata "ugumu wa maisha ya wachuuzi wanaotegemea kipato cha siku". Hiyo ni dhamira. *Ujumbe* ni hatua inayofuata, nao huwa sentensi kamili inayosema jambo: "Anayeishi kwa kipato cha siku hana nafasi ya kusubiri maji yapungue." Ikiwa ulichoandika si sentensi kamili, bado ni dhamira. Kikiwa sentensi unayoweza kuikubali au kuipinga, kimekuwa ujumbe.

Ubeti: hesabu kwanza, fasiri baadaye

*Msimbazi umefura, maji yako mlangoni,*
*Vibanda vya biashara, vyaelea mtaani,*
*Nani alipe hasara, ya mtaji wa sokoni?*
*Mto haupigi kura, wa kulaumiwa nani?*

Kila mstari ni *mshororo*. Ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni *tarbia*; ungekuwa na mitatu ungekuwa *tathlitha*. Mkato hugawa mshororo katika vipande viwili: cha kwanza *ukwapi*, cha pili *utao*. Mshororo wa mwisho ni *kituo*. Silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande hivyo ni *vina*: vya kati ni -ra, vya mwisho ni -ni.

*Mizani* ni silabi, na wengi hukosea kwa sababu ya M. Njia ya uhakika ni hii: hesabu irabu zote, kisha ongeza kila M inayosimama peke yake. Utaijuaje? Liweke neno katika wingi. Mbuyu, mibuyu: M imebadilika, basi ilikuwa kiambishi na inahesabiwa, m-bu-yu, mizani tatu. Mbuzi, mbuzi: M haikubadilika, imeshikamana na B, mbu-zi, mizani mbili. Maneno mafupi kama "nchi" na "nne" yana N inayobeba mkazo, kwa hiyo N hiyo huhesabiwa: n-chi, n-ne.

Sasa mshororo wa kwanza: M-si-mba-zi (4) u-me-fu-ra (4), jumla 8. Ma-ji (2) ya-ko (2) m-la-ngo-ni (4), jumla 8. Mshororo wote una mizani 16. Katika mshororo wa pili angalia "mtaani": m-ta-a-ni, nne, kwa kuwa kila irabu ina mizani yake hata zikifuatana. Mwanafunzi anayepata 15 mahali hapa mara nyingi amezimeza hizo "aa" mbili kuwa moja. Gonga meza kwa kidole kila silabi. Sikio hukosea mara chache kuliko jicho.

Baada ya hapo ndipo ufasiri. Mshororo wa tatu na wa nne ni *maswali ya balagha*, yanayoulizwa bila kusubiri jibu. Neno la kulishika ni "kura". Hakuna kiongozi aliyetajwa, wala ofisi, lakini "kura" imeingiza suala la uwajibikaji kwa nguvu. Aliyeishia kuandika kwamba ubeti unahusu mafuriko amesoma mishororo mitatu na kuuacha wa nne.

Shairi lisilofuata vina na mizani huitwa *shairi huru*. Usiandike kwamba "limekosa" mizani kana kwamba ni kosa. Andika kile linachotumia badala yake: takriri, urefu wa mistari, mahali mstari unapokatwa.

Kuandika jibu

Jibu dhaifu: "Mwandishi ametumia tashihisi. Mfano, 'Maji yalimshika miguu'. Hii imepamba kazi yake."

Jibu linalosimama: "Mwandishi ametumia tashihisi anaposema maji 'yalimshika miguu, yakamwuliza anakwenda wapi'. Maji yamepewa tendo la kusihi, na hivyo yanakuwa wa pili kumzuia Mama Salma baada ya kondakta. Kwa kuwa anaendelea kutembea bila kujibu, msomaji anaona kwamba haja inayompeleka sokoni ni kubwa kuliko hofu ya maji."

Sehemu zake ni tatu: taja istilahi, nukuu maneno, eleza kazi. Nukuu iwe fupi, maneno matatu hadi kumi. Ukinakili aya nzima mtahini hajui umelenga wapi. Ufute kabisa msemo "imepamba kazi yake" kwenye daftari lako. Ukitaka kujikagua, funika jina la istilahi kwa kidole usome kilichobaki. Kama bado kinaeleza jambo kuhusu kifungu, jibu lina nyama.

Kwa vitabu vizima, tumia kaunta buku moja kwa vitabu vyote vya darasa na uchore safu nne: ukurasa, maneno, istilahi, kazi. Mistari mitano kwa kila sura inatosha. Juu ya ukurasa wa kwanza andika mwaka wa chapa, kwa sababu kurasa hubadilika kutoka chapa moja hadi nyingine. Ndiyo maana namba za kurasa unazoziona kwenye desa hugoma kukubaliana na kitabu ulichonacho. Nyumbani kukiwa na kelele, kwa aliyeko Dar es Salaam Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na saa mbili za pale hufanya kazi ya jioni tatu za sebuleni.

Kuhusu *ufupisho*: swali likitaja idadi ya maneno, ifuate, lisipotaja, lenga theluthi moja, yaani habari ya maneno 150 iwe 50. Andika hoja kuu pembeni kwa maneno yako, funika habari, unganisha hoja hizo bila kuitazama, kisha hesabu maneno. Ukiwa umezidi, anza kufuta mifano, halafu marudio, halafu vivumishi. Kichwa cha habari kiandike mwisho, kwa maneno yasiyozidi matano, na usitumie sentensi ya kwanza ya habari. Mara nyingi huwa ni utangulizi tu. Jaribu sasa kwa kifungu cha Mama Salma: kina maneno zaidi kidogo ya 60, basi ufupisho wako uwe na kama 20, na ndani yake lazima awemo mtu anayeingia majini.